Roshani ya Meli kwa Anayetumia Kiti Mwendo: Tunavyolinganisha Kabla ya Kumlipia Mama

Mlango wa chumba cha kawaida kwenye meli ya kitalii una upana wa sentimita 57 hivi. Kiti mwendo cha Mama, ukikipima kutoka ukingo wa gurudumu la kushoto hadi wa gurudumu la kulia, kina 64. Ni sentimita 7 tu, lakini ndizo zinazoamua kama mtu atalala chumbani au atabaki ushorobani. Kwa sababu hiyo kila meli hutenga vyumba vichache kwa watu wenye ulemavu, na kati ya hivyo vichache, vyenye roshani huwa vichache zaidi. Na hata ukikipata, bado hujafika.

Sisi tulikipata. Mama aliugua kiharusi kilichomwacha na udhaifu wa mkono na mguu wa kushoto. Dada yetu mkubwa, anayefanya kazi Hispania, akamlipia safari ya siku 7 baharini, nami nikaenda naye kumsaidia. Karatasi ilisema chumba chenye roshani, kinachofaa kiti mwendo. Na kweli kilifaa: mlango mpana, bafu lenye sakafu bapa, vyuma vya kushikilia. Lakini mlango wa kutokea roshani ulikuwa na kizingiti cha chuma, kimo chake kama upana wa kiganja changu, na kibao cha kupandishia magurudumu hakikupatikana. Siku zote 7 Mama aliitazama bahari kupitia kioo. Mtu aliyezaliwa Mikindani, ambaye kila alasiri tunamtoa barazani upepo wa pwani umpige usoni, alilipiwa roshani akaishia kuiona kama picha ya kalenda ukutani. Nilipomuuliza kama ameridhika, akanijibu, "Mwanangu, nimeshukuru. Lakini bahari isiyonuka chumvi ni bahari gani?"

Safari hii tunachagua upya, na kosa lile hatulitaki. Ninaandika kwa ajili ya familia za huku kwetu, Mtwara na Lindi, ambazo mtoto aliye nje amesema "chagueni, mimi nitalipa", na mwenye safari anakaa kwenye kiti.

Kabla ya meli, pima kiti na aliyekikalia

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima upana wa kiti kikiwa kimekaliwa, maana viwiko na mikono hutokeza nje ya magurudumu. Pima urefu kutoka nyuma ya gurudumu hadi ncha ya vidole vya miguu. Halafu pima kile ambacho sisi hatukukipima mara ya kwanza: kimo cha macho yake akiwa amekaa, kuanzia sakafuni. Macho ya Mama yako kwenye sentimita 112. Iweke nambari hiyo, tutaihitaji mbele.

Kisha chora sakafuni kwa chaki duara lenye upana wa sentimita 150. Hiyo ndiyo nafasi ambayo kiti cha kawaida hugeuka bila kurudi nyuma na kusogea mbele mara tano. Kampuni ya meli ya Royal Caribbean, kwa mfano, huahidi milango isiyopungua sentimita 81 katika vyumba vyake vya kiti mwendo, na nafasi ya kugeuzia ya sentimita 152. Tulichora duara letu barazani. Mara ya kwanza Mama aligeuka bila kugusa mstari, mara ya pili akaugusa kwa kidole gumba cha mguu. Kwa hiyo 150 inamtosha, na chini ya hapo anahitaji mtu wa kumvuta.

Nambari hizo nne zinatosha kukuongoza kuliko picha zote za vitanda vilivyotandikwa na maua juu ya mto.

Roshani zenyewe

Neno roshani kwenye matangazo ya meli linabeba vitu ambavyo havifanani kabisa. Aliyesimama hataona tofauti kubwa. Aliyekaa ataona tofauti ya mbingu na ardhi.

Ya kwanza ni roshani ya nje yenye uzio wa kioo. Unafungua mlango, unatoka, uko hewani. Chuma cha juu cha uzio huwa kwenye mita 1 na kidogo, yaani karibu kabisa na macho ya Mama, lakini kwa kuwa chini yake ni kioo, anaona maji, anaona mashua zinazopita, anaona povu likikatika ubavuni. Hii ndiyo tunayoitaka. Mashaka yake ni mawili. Kwanza kizingiti: mafundi wa meli hukiweka makusudi ili maji ya mvua na mawimbi yasiingie chumbani, na katika vyumba vya kiti mwendo hutakiwa ama kiwe bapa ama kiwe na kibao cha mteremko pande zote mbili, ndani na nje. Kibao cha upande mmoja ni mtego, utatoka na hutarudi. Pili ni kina cha roshani. Nyingi za kawaida zina kati ya sentimita 120 na 150 kutoka mlangoni hadi kwenye uzio. Kwenye 120 Mama atatoka kwa mbele na kurudi kinyumenyume, huku mimi nikishika vipini. Mhudumu wa chumba akiombwa kuondoa kiti kimoja na kimeza, nafasi huongezeka, na ombi hilo halilipiwi.

Angalia pia mlango unavyofunguka. Mlango wa kusukuma kando hauchukui nafasi, na mkono mmoja unaweza kuuvuta taratibu. Mlango wa bawaba unafunguka kuelekea nje, unakula nusu ya roshani, na upepo ukiusukuma unakuwa mzito hata kwa mwanamume mwenye afya. Mama ana mkono mmoja wenye nguvu. Mlango wa bawaba tumeufuta.

Ya pili ni roshani iliyochongwa ndani ya ubavu wa meli, ambayo uzio wake ni chuma kizima. Meli ya Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004, ina nyingi za namna hii kwenye sitaha za chini, na kampuni ya Carnival nao wana zao wanazoziita Cove, karibu na maji. Wanaosimama huzisifu sana: hazina upepo mkali, ziko karibu na bahari, na bei yake mara nyingi ni afadhali. Sasa rudi kwenye nambari yako. Macho kwenye sentimita 112, ukuta wa chuma kimo karibu hichohicho. Aliyekaa ataona mbingu na, akijinyoosha, upeo wa macho kwa mbali. Maji hatayaona. Kwa mtu mrefu ambaye macho yake akikaa yanafika sentimita 125, habari inabadilika, na huenda hii ikamfaa kuliko zote kwa sababu ya utulivu wake. Kwa Mama, hapana.

Ya tatu nilitumia wiki nzima kuifikiria. Mwaka 2018 kampuni ya Celebrity ilizindua meli iitwayo Edge, yenye roshani ambayo si chumba cha nje hasa. Sakafu ya chumba inaendelea moja kwa moja hadi ukingoni mwa meli, ukuta wa mwisho ni kioo kitupu, na ukibonyeza kitufe nusu ya juu ya kioo inashuka. Hakuna kizingiti, hakuna mlango mzito, na nafasi ambayo kwingine ingekuwa roshani inakuwa sehemu ya chumba, kwa hiyo kiti kinageuka kwa raha. Kwa mtu aliyebaki na mkono mmoja, kitufe ni neema. Lakini kioo kinaposhuka, fremu yake inakaa kwenye kimo cha uzio, yaani mstari mnene unapita mbele ya macho ya aliyekaa. Tena nahodha anaweza kuvifunga vitufe hivyo hali ya hewa ikichafuka. Na juu ya yote, hutoki. Unakuwa dirishani, dirisha zuri sana, lakini dirisha. Ningekuwa ninamchagulia mzee asiyependa upepo au mwenye kifua, ningeichukua hii bila kusita.

Kuna roshani zinazotazama ndani ya meli. Meli ya Oasis of the Seas ya mwaka 2009 na meli dada zake zimejengwa zikiwa na uwazi mkubwa katikati, wenye bustani ya mimea hai chini yake. Anayependa kuona watu wakipita atafurahi. Bahari haipo.

Chumba chenye dirisha kubwa tu, bila roshani, usikidharau. Hakina kizingiti cha kukusumbua, na tofauti ya bei inaweza kulipa nauli ya msaidizi wa pili. Kama mgonjwa wako hatoki nje hata akiwa nyumbani, roshani utamlipia ya nini?

Limebaki wazo ambalo mawakala hulipendekeza vyumba maalumu vikiisha: chukua chumba cha kawaida chenye roshani, uje na kibao chako cha kukunja. Hilo linamfaa anayeweza kusimama na kupiga hatua kumi akishikiliwa, kiti kikakunjwa mlangoni. Kumbuka zile sentimita 57, na kumbuka kwamba bafu la chumba cha kawaida nalo lina kizingiti chake, na choo kimebanwa kama kabati. Tulimjaribu Mama hapa nyumbani kwa mlango mwembamba wa stoo. Hatua nne, akachoka.

Kushoto kwa nani?

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kuliona likielezwa kwa familia za wagonjwa wa kiharusi.

Carnival hugawa vyumba vyao maalumu katika madaraja matatu: vile ambavyo kiti kinafika pande zote mbili za kitanda, vile ambavyo kinafika upande mmoja tu, na vile vya watu wanaotembea kwa fimbo au kwa kushikilia. Kampuni nyingine zina majina yao, lakini mgawanyo unakaribiana. Sasa mgonjwa wa kiharusi huhamia kitandani kwa kutumia upande wenye nguvu. Mama anahamia akiongoza na kulia. Akipewa chumba ambacho kiti kinafika upande usiofaa wa kitanda, kila usiku nitambeba, na kila asubuhi nitambeba. Chooni ni vilevile: chuma cha kushikilia kikiwa kimoja tu na kimewekwa kushoto, kwake ni pambo.

Na vyumba vya ubavu wa kulia wa meli, mara nyingi, vimejengwa kama taswira ya kwenye kioo ya vile vya ubavu wa kushoto. Kitanda, choo, bomba la kuogea, vyote vimehamia upande wa pili. Kwa hiyo vyumba viwili vya bei moja, sitaha moja, vinavyotazamana, kimoja kinaweza kumfaa Mama na kingine kikamtesa. Ukiomba mchoro wa chumba, omba wa nambari hiyohiyo ya chumba, usikubali mchoro wa mfano.

Kuhusu mahali chumba kilipo, wavuvi wetu wanajua: omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, ndivyo vinavyopanda na kushuka, katikati ndiko kwenye amani. Vyumba vya tezi huwa na roshani pana za kuvutia na mandhari ya mkondo unaobaki nyuma, lakini pia mtetemo, na mara nyingi mwendo mrefu hadi kwenye lifti. Tunachukua katikati.

Durban au Barcelona

Kwa mtu wa kusini mwa Tanzania, mawazo mawili yalikuwa mezani. Meli za kampuni ya MSC zimekuwa zikianzia Durban katika misimu ya kiangazi cha huko, na dada yuko Hispania, ambako Barcelona ni miongoni mwa bandari kubwa za meli za kitalii Ulaya.

Durban ina mvuto wake. Ni karibu, na Mtanzania huingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza. Lakini nyingi za safari zake fupi huelekea Msumbiji, Pomene au Portuguese Island jirani na Maputo, ambako meli haifungi gatini. Inatia nanga nje, abiria wanashushwa kwa mashua ndogo. Ukiwahi kuvuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani unajua maana yake: mashua inapanda, gati linashuka, mguu mmoja huku na mmoja kule. Mwenye kiti mwendo mara nyingi huambiwa abaki, na kiti cha umeme, kwa uzito wake, karibu kila mara hakiruhusiwi kuingia mashuani. Tena meli zilizotumika huko zimekuwa za umri. MSC Sinfonia na MSC Opera zilianza kazi mwaka 2002 na 2004 zikiwa na roshani chache sana. Mwaka 2015 zilikatwa katikati huko Palermo, zikaungwa na kipande kipya cha mita 24, na humo zikaongezewa vyumba vya roshani. Kazi ya ajabu ya mafundi, lakini kwa anayetafuta chumba cha roshani kilichofikiriwa kwa ajili ya kiti tangu kwenye karatasi ya mchoro, meli mpya ina nafasi kubwa zaidi.

Upande wa Mediterania, bahari ya Barcelona, nilipata sababu moja nisiyoitegemea, na imetoka kwenye maji yetu wenyewe. Hapa Mtwara bamvua ikifika, tofauti ya maji kujaa na kupwa inazidi mita 3. Ukienda Msangamkuu kwa kivuko umeona mteremko wa kushukia unavyobadilika asubuhi na jioni. Daraja la kupandia meli linafuata sheria hiyohiyo: maji yakipanda, meli inapanda, na daraja linakuwa mlima. Durban tofauti hiyo hukaribia mita 2 wakati wa bamvua. Mediterania, sehemu kubwa, haifiki nusu mita. Daraja ulilolipanda asubuhi ni lilelile jioni. Kwa anayesukuma kiti chenye mtu mzima juu yake, hilo si jambo dogo.

Zaidi ya hapo, Barcelona, Marseille, Palma, Naples na Civitavecchia, bandari ya kwendea Roma, zote meli hufunga gatini. Santorini, kisiwa cha Ugiriki ambacho kila mtu anakitamani kwa picha zake, meli hutia nanga na watu kushushwa kwa mashua. Lakini hapo ndipo roshani inapolipa gharama yake: meli imesimama katikati ya duara la miamba, majirani wote wameshuka, na Mama yuko nje kwenye kiti chake anatazama nyumba nyeupe juu ya jabali. Siku ambayo huwezi kushuka, roshani ndiyo bandari yako. Kama ratiba yako ina bandari nyingi za nanga, afadhali upunguze siku kuliko kupunguza roshani.

Lipo pia suala la haki. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Desemba 2012, inahusu pia safari za kitalii zinazoanzia bandari ya nchi mwanachama. Mwenye ulemavu hakatazwi kusafiri ila kwa sababu za usalama au umbo la meli au bandari lisiloruhusu. Msaada bandarini na melini ni bure, mradi utoe taarifa angalau saa 48 kabla. Na kiti kikivunjwa au kupotea kwa kosa la kampuni au bandari, hulipwa thamani ya kukinunua kingine au gharama ya kukitengeneza. Mahitaji ya chumba yanatakiwa kutajwa wakati wa kuweka nafasi, wala si baadaye. Kwa wenye ndugu Marekani: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2005 kwamba sheria yao ya haki za watu wenye ulemavu inazigusa hata meli zenye bendera za kigeni zikiwa kwenye maji yao.

Ugumu wa Barcelona ni njia. Viza ya Schengen, inayotumika kwa pamoja katika nchi nyingi za Ulaya, ni lazima, na kama meli itapita Tunisia au Uturuki, iombwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo Mama atakwama akirudi. Kutoka Mtwara hadi Dar, ndege ndogo za ATR na Dash 8 hupandwa kwa ngazi, kwa hiyo msaada wa kumpandisha uombwe tangu siku ya kukata tiketi. Kiti cha kusukuma kwa mkono hakilipiwi mzigo. Kiti cha umeme chenye betri ya lithiamu inayotolewa kina mpaka wa Wati-saa 300 kwa betri moja, na uwezo huo uwe umeandikwa kwenye betri yenyewe, usiwe kwenye kumbukumbu ya muuzaji.

Kabla dada hajatuma pesa

Vyumba vya roshani vya kiti mwendo huisha mapema kuliko vyote, kwa hiyo tunazungumzia safari ya mwakani. Usichukue ile bei nafuu ambayo kampuni hukuchagulia chumba baadaye. Inawafaa wasiojali wapi watalala. Jaza fomu ya mahitaji maalumu, kisha dai nambari ya chumba kwa maandishi. Waulize pia kuhusu kiti cha kushushia watu ngazi wakati wa dharura, kwa kuwa lifti hazitumiki king'ora kikilia, na umwandikishe mgonjwa kama mtu wa kusaidiwa siku ileile mnayopanda.

Tumebakiza vyumba viwili kwenye meli moja inayoanzia Barcelona. Vyote viko katikati, uzio wa kioo, mlango wa kusukuma kando. Mchoro wa kimoja unaonyesha kitanda kinafikiwa kutoka kulia. Cha pili ni kinyume chake, tumekiacha. Kwa hicho kimoja nimewaandikia watume picha mbili: mlango wa roshani ukiwa wazi, futi ikiwa imesimamishwa kando ya kizingiti, na futi ileile ikiwa imelazwa kutoka mlangoni hadi kwenye uzio. Wamejibu kwamba mhudumu atapiga picha meli itakapofunga gatini Jumamosi. Mama ameniuliza mara mbili kama zimefika. Dada ana pesa mkononi, na nimemwambia asizitume mpaka nizione.